Fokasa ya Crayford kwenye darubini ya kioo: pima kimo kabla ya kununua

Fokasa ni sehemu inayoshika kamera au lenzi ya jicho kwenye bomba dogo, na kulisogeza ndani na nje hadi taswira iwe kali. Niliyoitoa ni fokasa ya meno iliyokuja na darubini yenyewe (kioo cha milimita 200, f/5, yaani urefu wa fokasi ni mara 5 ya upana wa kioo). Niliyofunga ni Crayford, fokasa isiyo na meno, ya inchi 2 yenye kasi mbili, 10 kwa 1: kifundo kidogo husogeza bomba taratibu mara kumi kuliko kikubwa.

Kwa f/5, taswira hubaki kali ndani ya milimita 0.05 hivi, basi. Fokasa ya meno inacheza: ukirudisha kifundo nyuma, mwanzoni hakuna kinachosogea, halafu bomba linaruka na kupita ulipopataka. Kwenye Crayford, mhimili laini wa chuma unabana upande bapa wa bomba, na beringi nne zinalishikilia upande wa pili. Kwa kifundo kidogo, nikimtazama Mshtarii kwa ukuzaji wa mara 200, nasimama hasa pale mikanda yake inapochongeka.

Kilichonisumbua ni kimo. Pima kutoka ukuta wa darubini hadi mdomo wa fokasa, bomba likiwa limerudi ndani kabisa. Mpya ikiwa fupi, hakuna shida: unaongeza kipande cha kurefusha. Ikiwa ndefu, kamera haitafika kwenye fokasi (mahali mwanga unapokutana), na dawa ni kusogeza kioo kikuu mbele kwa tofauti hiyohiyo. Lakini ukikisogeza sana, mwanga unafika kwenye kioo kidogo (kile kinachouelekeza kwenye fokasa) ukiwa mpana kuliko kioo chenyewe, na wa pembeni unapotea. Angalia pia bomba la fokasa lisichomoze ndani ya njia ya mwanga. Linakata kingo za nyota.

Matundu ya skrubu hayakulingana, hata moja. Toa vioo vyote viwili kabla ya kutoboa, maana vumbi la chuma likikaa juu ya kioo, kulifuta ni kukikwaruza. Bandika utepe wa karatasi, anza na keekee ya milimita 2, kisha 4, ondoa makali kwa tupa. Ukuta wa darubini ni bati jembamba, unanepa kamera ikining'inia; nimeweka kibao cha alumini cha milimita 2 kwa ndani, boliti zikapita humo. Kitako cha fokasa nacho lazima kiwe na mviringo wa darubini yako, la sivyo fokasa inakaa mshazari na kupanga vioo upya hakutakusaidia.

Kasoro ya Crayford ni kuteleza. Elekeza fokasa juu, weka kamera ya kilo moja: bomba linashuka lenyewe. Futa upande bapa na mhimili kwa spiriti (grisi hapo ni marufuku), kisha kaza skrubu ya chini, inayobana mhimili, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Ukikaza kupita kiasi, mhimili unachimba alumini na utausikia ukigota kila unapopita hapo.

Kwa anayetazama kwa jicho tu, ningesafisha kwanza grisi nzito ya fokasa ya zamani na kukaza skrubu zake.