Kozi ya mtandaoni ya ukalimani wa dharura: saa imefundishwa vizuri, sauti bado

Kozi hii inasomwa kwa simu au kompyuta, na imekusudiwa Wamarekani waliokwisha kujifunza Kiswahili ambao wanataka kukalimani simu za 911, namba ya dharura ya Marekani, katika miji yenye wakimbizi wengi kutoka Kongo. Nimeifuatilia nikiwa msahihishaji wa mazoezi ya wanafunzi, na kwa jumla imenivutia kuliko nilivyotarajia.

Sehemu iliyo bora ni ya saa. Mwanafunzi anamsikia mama akieleza kwamba mumewe alianza kulegea upande mmoja saa mbili usiku, naye hupewa sekunde chache tu za kuiandika saa hiyo kwa hesabu ya Kizungu. Akiandika 2:00 mchana badala ya 8:00 usiku, programu haimwekei alama ya kosa ikaishia hapo, bali inamweleza kwamba hizo ni dalili za kiharusi, na kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, hivyo saa sita alizoziongeza zingeweza kumnyima mgonjwa tiba. Somo la kukalimani kwa nafsi ya kwanza, yaani kusema "ninaumwa" na si "anasema anaumwa", nalo limepangwa vizuri, ingawa linarudiwa mno.

Upungufu mkubwa umo katika sauti. Rekodi zote ni za Kiswahili sanifu kinachosomwa taratibu kama taarifa ya habari, ilhali mpigaji aliyetoka Uvira au Bukavu atasema "batoto" badala ya "watoto", atachanganya Kifaransa, na huenda mtu analia pembeni yake. Mwanafunzi mmoja mwenye alama za juu alinyamaza kabisa nilipojifanya mpigaji na kumtajia nyumba namba "quarante-sept", yaani 47 kwa Kifaransa; anwani, ambayo ndiyo inayolipeleka gari la wagonjwa mahali panapostahili, ikampita.

Kwa hiyo ninaipendekeza kozi hii kwa mtu atakayeanza kazi akisikilizwa na mkalimani mzoefu, lakini cheti chake pekee kisitumike kumkabidhi mtu laini ya dharura. Waandaaji wangeweza kuliziba pengo hilo kwa kuwalipa Wakongo wenyewe warekodi simu za kuigiza, zenye kelele na namba za Kifaransa, kabla ya kuongeza masomo mengine ya sarufi.