Mahandaki bila ngome wala mazimwi: uzoefu wangu na magemu manne

Magemu ya kupekua mahandaki yalianza na Rogue la 1980 na Wizardry la 1981. Yote mawili yalimteremsha mchezaji chini ya ardhi na upanga mkononi, na mpaka leo sehemu kubwa ya magemu ya aina hii haijatoka humo: ngome ya mawe, mienge, mazimwi, mchawi mwenye ndevu. Sina ugomvi na mazimwi. Ugomvi wangu ni na gemu linalotangaza kuwa limehamia anga za juu, halafu ukilifungua unakuta upanga umeitwa leza, dawa ya kuponya imeitwa sindano, na hesabu ni zile zile. Mazingira mapya yana maana yakikuletea shida mpya, yaani kitu kipya cha kuhesabu, cha kuogopa na cha kukosa. Nimeyapima magemu haya manne kwa kipimo hicho.

Kuhama kwenyewe si jambo la jana. Phantasy Star la 1987 lilichanganya sayari na mahandaki, Captive la 1990 lilikupa maroboti manne uyaongoze kwa mbali, na Shin Megami Tensei: Strange Journey la 2009 lilipeleka kikosi kizima Antaktika. Kwa hivyo atakayekwambia kuwa gemu bila mapanga halina ladha ya mahandaki, hajayacheza.

Nianze na ninalolipenda zaidi, Dungeon of the Endless, lililotengenezwa na Amplitude Studios ya Ufaransa na kutoka 2014. Meli ya kubebea wafungwa, jina lake Success, inaharibiwa juu ya sayari ya Auriga. Kijichombo cha kuokolea kinatoboa ardhi mpaka chini kabisa, na walionusurika inabidi wapande ghorofa 12 kutafuta juu. Hakuna mienge. Kuna krista moja, yaani jiwe la kung'aa, inayotoa nguvu, na kila chumba unachotaka kukiwasha kinakula vizio 10 vya vumbi, ambalo kwenye skrini linaandikwa Dust. Chumba chenye taa hakitoi viumbe wa kukushambulia. Chumba cha giza kinaweza kutema kundi zima kila unapofungua mlango mpya. Aliyekuwepo Unguja mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kwa karibu miezi mitatu, hesabu hii ataielewa bila kufunzwa: nguvu haitoshi kila pahala, na lazima uchague kipi kiwake na kipi kiachwe.

Zamu za gemu hili ni milango. Kila mlango mmoja ukifunguliwa unapata mgao wa viwanda, sayansi na chakula kulingana na mitambo uliyojenga. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa: wanafungua milango sita kwa pupa, ndipo wanakumbuka kujenga. Mgao wa milango hiyo sita umekwenda bure na haurudi. Jenga mtambo wa viwanda kwenye chumba cha kwanza kinachoukubali, kisha wa chakula, ndipo uanze kufungua. Viwanda ndivyo vinavyojenga, sayansi inafanya utafiti, na chakula kinapandisha shujaa daraja, kinamponya katikati ya vita na kuajiri mpya. Ukikimaliza chakula chote kwenye madaraja, siku shujaa wako akizingirwa huna cha kumponyea. Mimi siku zote hubakisha akiba ya kuponya mara mbili au tatu.

Sehemu ngumu ni kutoka. Ukishauona mlango wa kutokea, shujaa mmoja anaing'oa krista na kuibeba, na tangu hapo viumbe wanamiminika kutoka kila chumba cha giza bila kukoma. Mbebaji hapigani na mwendo wake unapungua. Kabla ya kuinyanyua, zima vyumba vya mbali visivyo na faida tena na uwashe njia nzima kutoka krista ilipo mpaka mlangoni. Mchague mwenye mbio aibebe. Mwenye nguvu mweke kwenye njia panda, lakini usimsahau huko, kwani asiyekuwemo kwenye chumba cha kutokea wakati mlango unapofungwa anabaki na ndiyo mwisho wake. Ngazi ya chini kabisa inaitwa Too Easy. Usione haya kuanzia hapo. Inayofuata, Easy, ni ngumu kwelikweli.

Toleo la simu, Apogee, lilitolewa na Playdigious 2021 kwa Android na iPhone. Unalipa mara moja, basi. Kasoro yake ni kuwa kwenye skrini ya simu kidole kinaziba chumba unachokilenga, kwa hivyo jizoeze kulisimamisha gemu kila unapotoa amri. Kwenye tableti tabu hiyo inapungua sana.

Caves of Qud ni mali nyengine kabisa. Limetengenezwa na Freehold Games, likaanza kuuzwa 2015 likiwa halijakamilika, na toleo kamili likatoka Desemba 2024. Dunia yake ni ya mbali sana mbele, ustaarabu umeanguka juu ya ustaarabu mwengine, na watu wanaishi kwenye vinamasi vya chumvi pembeni mwa magofu yenye mashine zinazofanya kazi bado. Fedha ya huko ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hayo unayokunywa ndiyo hayo unayonunulia bunduki, na hilo linabadilisha kila kitu. Kiriba kimoja kinachukua dramu 64 (dramu ndiyo kipimo cha maji cha gemu hili), maji yana uzito, na ukijilimbikizia utajiri unalemewa na mzigo.

Kosa linalowaumiza wengi ni kumimina maji baridi kwenye kiriba chenye mabaki ya maji ya chumvi. Gemu linachanganya kweli, na kiriba kizima kinakuwa hakinyweki wala hakinunui kitu. Kiangalie kiriba kina nini kabla ya kumimina, na beba kimoja kitupu kwa ajili ya vimiminika vya ajabu unavyookota njiani. Maji yakikuzidia, nunulia vipande vya shaba, fedha au dhahabu, au vito. Hivyo ni vyepesi, na thamani yake haishuki ukinunua na kuuza kama inavyoshuka kwa silaha. Halafu kuna ibada ya maji: ukikutana na kiumbe mashuhuri asiyekuwa adui, unamgawia maji, unapata heshima kwa kabila lake, na heshima hiyo unaitumia kununua siri na ujuzi. Hakuna ngome ya kizamani iliyowahi kunipa sababu ya kukaa na kunywa na mtu badala ya kumuua.

Kwa anayeanza, chagua kijiji cha Joppa na hali ya Roleplay, ambayo inakurudisha kwenye makazi ya mwisho uliyofikia ukifa. Hali ya Classic ukifa umekufa. Kazi unayopewa na Mehmet, mkazi wa Joppa, inayokupeleka kwenye mapango ya Red Rock ni nzuri kwa kujifunza, lakini usishuke chini sana huko ukiwa daraja la kwanza. Na ukisafiri kwenye ramani kubwa unaweza kupotea njia, kwa hivyo hakikisha maji ya kunywa yapo hata kama huna nia ya kununua kitu. Mpangilio wa menyu zake unachosha mwanzoni. Vumilia.

Vaporum nililingoja kwa hamu kuliko yote, na ndilo lililonipa nusu ya nilichotaka. Ni la Fatbot Games ya Slovakia, 2017. Umetupwa mbele ya mnara uliosimama katikati ya bahari, ndani kumejaa mashine za mvuke. Unatazama kwa macho ya mhusika na unakwenda mraba kwa mraba, ukigeuka nyuzi 90. Sauti za mvuke na vyuma ni nzuri mno, na mafumbo ya kusukuma masanduku juu ya vibao yamepangwa kwa akili. Lakini ukikwangua rangi ya shaba, chini yake umo mchezo ule ule: vifaa vimechukua nafasi ya uchawi, na maadui wengi unawashinda kwa kuwazunguka pembeni kama tulivyozoea. Ni jahazi la zamani lililopakwa rangi mpya, ingawa mbao zake ni nzima. Kilichobadilika kweli ni kuwa mhusika hana fani, kama vile mpiganaji au mchawi. Unachagua vazi la mashine, kisha unalipandisha daraja kwa fumium unayoifyonza kutoka kwa maadui. Ipo hali inayosimamisha wakati mpaka utembee au upige. Nampendekezea kila mtu mwenye laptopu inayokwenda polepole, kwa sababu picha zikikwama sekunde moja kwenye hali ya kawaida, umeshapigwa.

Kinyume chake ni Cogmind la Grid Sage Games. Kwa sura si kitu, herufi na alama ndogo tu, lakini hakuna gemu lililofikiria mazingira yake kwa kina kama hili. Wewe ni roboti, uko kina cha -11, na unapanda kwenda juu. Mwili wako ni vipande unavyookota: chanzo cha nguvu, miguu au magurudumu, vifaa, silaha. Vipande hivyo ndivyo ngao yako pia, maana risasi zinavipiga na kuving'oa. Kuua kwenyewe hakukuimarishi. Unaimarika kwa kufika kina kipya, ambapo unaongezewa nafasi za kufungia vipande na wewe unachagua za aina gani. Ukiua sana, tahadhari inapanda na wanatumwa wakali zaidi. Basi ghafla kukimbia kunakuwa akili, si woga.

Linaloua wengi ni kubaki na chanzo kimoja cha nguvu. Kikipigwa, silaha za nishati zinanyamaza na wewe umesimama katikati ya ukumbi. Weka cha akiba kwenye mzigo, hata kiwe dhaifu, na miguu ya akiba kama nafasi ipo. Changanya silaha: za risasi zinakula malighafi, za nishati zinakula nguvu na kukupandisha joto, na joto likizidi mwili mzima unaanza kukorofisha. Vyuma vya kukokotea kama vya kifaru vinabeba mzigo mkubwa lakini ni vizito kwenda. Kuruka ni kasi tupu, na ukizidisha uzito kidogo kasi yote inapotea. Kwenye skrini ya 1366 kwa 768 herufi ni ndogo, na macho yatachoka.

Jupiter Hell la 2021 nalitaja kwa haraka tu. Linakwenda Callisto, Europa na Io, miezi ya sayari ya Jupita, ni la zamu (adui anatembea ukishatembea wewe), lina kujificha nyuma ya kuta kulikofanywa vizuri, na linamfaa anayependa bunduki kuliko mahesabu.

Nikiyacheza haya, huwa nafikiria tulichonacho hapa kwetu. Pujini, Pemba, kuna magofu ya ngome inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, yenye chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Kusini Unguja kuna mapango ya mawe ya matumbawe yenye maji ndani. Mtengenezaji mvivu atachukua majina hayo na kubandika jini kila kona. Kanuni ya maana tunayo tayari, nayo ni kupwa na kujaa. Maji yanabadilika kila baada ya saa sita na dakika kidogo, na wakati wa bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4. Fikiria handaki ambalo njia iliyo wazi sasa itafungwa na maji baada ya hatua kadhaa, na chumba fulani kinakauka siku za bamvua tu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku siku za maji mafu hakifikiki kabisa. Mchezaji atalazimika kuhesabu mwezi kama mvuvi anavyouhesabu. Tales of Kenzera: ZAU la 2024 limeshaonesha kuwa gemu kubwa linaweza kusemeshwa kwa Kiswahili, ingawa lenyewe ni la kuruka na kupigana.

Kuhusu kuyapata. Ukinunua Steam, duka la magemu la mtandaoni, una siku 14 za kurudishiwa pesa ilimradi hujalicheza zaidi ya saa 2, na saa hizo zinatosha kujua kama laptopu yako inaliweza. Cogmind ni dogo na halitamaliza bando. Vaporum linahitaji intaneti ya maana. Kama mwenzako ameshalishusha na wewe umelinunua, Steam inaruhusu tangu 2023 kunakili kutoka kompyuta moja kwenda nyengine kwenye mtandao mmoja wa ndani, hata kwa hotspoti ya simu. Kwenye mipangilio ya upakuaji, mwenye gemu aruhusu uhamishaji, nyote muwe mmeingia kwenye akaunti zenu, na gemu lake liwe limesasishwa. Data inayotumika hapo ni kidogo sana. Kisha lifungue mara moja ukiwa bado hewani kabla ya kuhamia hali ya nje ya mtandao, la sivyo siku bando likiisha linaweza kugoma.

Anayetumia kompyuta ya mezani anunue UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, hata ndogo, maana dakika tano zinatosha kuhifadhi na kuzima. Na kabla ya kununua laptopu iliyotumika pale Darajani, tazama upande wa kulia wa kibodi. Qud na Cogmind ni magemu ya kwenda pande nane, na bila tarakimu za pembeni utahangaika na herufi. Kama hazipo, kibodi ndogo ya tarakimu ya kuchomeka USB inamaliza tatizo hilo.