Shelfu ya vitabu sebuleni: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha dukani

Kabla hujawaza kinyago wala ua la kuweka juu, chukua futi kamba upime vitabu vyako. Visimamishe sakafuni, vibanane kama vitakavyokaa kwenye shelfu, halafu soma urefu. Mita moja ya vitabu vya kawaida ina uzito wa kilo 20 hadi 30. Nyumba yenye watoto wawili wa shule, kamusi, vitabu vya dini na riwaya chache hufikisha mita tatu bila mwenyewe kujua, na huo ni mzigo wa kati ya kilo 60 na 90 utakaokaa juu ya mbao miaka na miaka.

Naanza na uzito kwa sababu shelfu nyingi tunazinunua kwa macho. Dukani inavutia, imewekewa vasi moja na vitabu vitatu. Ikifika nyumbani ikapewa mzigo wake, baada ya miezi michache rafu ya kati imebonyea kama kitanda cha kamba, na hapo hakuna pambo la kuiokoa. Mgeni akikaa tu kwenye kochi, macho yanakwenda palepale.

Hesabu yenyewe ni hii. Rafu iliyojaa vitabu mwanzo mpaka mwisho, ukiirefusha mara mbili, inapinda mara 16 zaidi. Ukiongeza unene wa ubao mara mbili, mpindo unapungua mara 8. Kwa hiyo ukubwa wa shelfu nzima haukupi taabu. Kinachokupa taabu ni umbali kati ya ubavu mmoja na mwingine. Kwa ubao wa inchi moja, ambao ukishapigwa randa hubaki kama sentimita 2, mimi sipitishi futi mbili na nusu. Ukitaka pana zaidi, fundi asimamishe ubao mwingine katikati.

Nimeishi na shelfu za aina nne, kwanza tulipokuwa Arusha, na sasa hapa Moshi. Nyingine nimeziona kwa ndugu na majirani. Mpangilio ufuatao ndio ningempa mdogo wangu akiniuliza leo.

Ya kwanza: paini, ya kuagiza kwa fundi

Huku kwetu paini haitoki mbali. Kuna mashamba ya miti ya serikali West Kilimanjaro na Rongai, na nyingine hushuka kutoka Sao Hill, Mufindi. Ni mbao nyepesi, inashika skrubu vizuri, inapokea rangi na vanishi, na ikipinda rafu moja unabadilisha hiyo moja.

Mbao huuzwa kwa kipande cha futi 12, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu ukiwa bado nyumbani. Tuseme unataka shelfu ya urefu wa futi 6, upana wa ndani futi mbili na nusu, mbao sita za kulala ukihesabu ya juu na ya chini. Nunua mbao tatu za moja kwa kumi, yaani unene inchi moja, upana inchi kumi. Ya kwanza inakatwa katikati, mbavu mbili zimepatikana. Ya pili inatoa rafu nne. Ya tatu inatoa mbili zilizobaki, na bado unarudi nyumbani na kipande cha futi 7. Rafu ya chini ikiinuliwa inchi 3 kutoka sakafuni, unapata nafasi tano za takriban sentimita 32, na kitabu cha A4, chenye urefu wa sentimita 29.7, kinasimama bila kulazwa.

Mgongoni usikubali wazi. Kipande chembamba cha plaiwudi kilichopigiliwa nyuma kinaizuia shelfu isiyumbe kulia na kushoto, na ndicho utakachokipaka rangi baadaye.

Sasa ukavu. Hapa ndipo pesa inapopotelea. Nilikwenda Aprili moja kuchukua mbao, mvua inanyesha, nikashika ubao mmoja mweupe mzuri usio na fundo hata moja. Fundi akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaurudisha. “Mama, huu bado unakunywa maji,” akaniambia, akanionyesha michirizi ya bluu na kijivu pembeni. Ile michirizi ni kuvu anayeingia kwenye paini iliyokaa na unyevu. Haimaanishi ubao umeoza, lakini inakuambia ulikotoka. Ubao mkavu ni mwepesi, ukiugonga unalia kwa sauti kali, na ukiuweka shavuni husikii ubaridi. Mbichi hukaukia sebuleni kwako, na ukikauka unajikunja na kuacha nyufa kwenye maungio. Kama unaweza kusubiri, agiza wakati wa jua la Januari na Februari, uiache masika ya Machi hadi Mei ipite.

Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa mara nyingi zina rangi ya kijani kwa mbali. Kwa mbavu na rafu ya chini ni msaada mkubwa, ila vipande vilivyobaki visiingie jikoni kama kuni, moshi wake una sumu.

Malipo: toa pesa ya mbao kwanza, ufundi umalizie ukishaikagua ikiwa bado haijapakwa kitu. Vanishi huficha mengi. Pitisha kiganja kwenye kila ukingo. Ukihisi mikwaruzo, msasa haujaisha. Tingisha. Kama imepigwa misumari mitupu bila gundi ya mbao, mwambie afungue maungio ya rafu aweke gundi na skrubu.

Kwa wenye vihamba, yaani mashamba ya familia ya Wachaga: mgrivea unaotia kivuli kwenye kahawa unatoa mbao yenye madoa kama lesi, nzuri ajabu ikipata vanishi tupu. Kama kuna mti uliokatwa nyumbani na umepasuliwa, ukaushe kwa kuupanga na vijiti kati ya ubao na ubao, chini ya paa, miezi kadhaa. Usiuze kwa bei ya kuni.

Ya pili: kabati la mbao ngumu lililotumika

Arusha ina watu wengi wa mikataba, kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako pale na kampuni za utalii ni nyingi. Mkataba ukiisha, samani zinauzwa. Kabati la mninga la miaka 20 limeshakauka, limeshajikunja kadiri lilivyotaka kujikunja, na mara nyingi bei yake iko chini ya ubao mpya wa mti uleule.

Adui ni wadudu. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano, usikate tamaa papo hapo, kwa sababu huenda ni vya zamani. Mwombe mwenye kabati atandike karatasi nyeupe chini yake usiku kucha. Asubuhi ukikuta unga mpya mwembamba, bungua bado wanakula, na wakifika kwako watahamia kwenye meza. Kagua pia mgongo na miguu kama kuna vijia vya udongo vya mchwa. Karatasi ikiwa safi, beba.

Ya tatu: mbao ngumu mpya

Mninga, mkongo, au msaji wa mashamba kama Longuza kule Muheza. Uzuri wake haubishaniwi, na mjukuu wako atairithi. Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya uzito: ukiwa mpangaji, kila kuhama ni vijana wanne na Fuso. Mninga unatoka kwenye misitu ya miombo, Tabora na kwingineko, na mti huo hukua polepole. Dai risiti, uliza mbao imeingiaje mjini na kama ina kibali cha misitu. Muuzaji halali hatakasirika.

Ya nne: fremu ya chuma, rafu za mbao

Fundi wa kuchomelea anatengeneza kwa siku moja au mbili. Haipindi, mchwa hawaigusi, inafaa chumba cha kusomea. Sebuleni inataka rangi nyeusi isiyong’aa, la sivyo inaonekana kama stoo ya duka.

Ya tano: za ukutani

Zinafaa kwa vitabu kumi na picha moja. Ukuta wa tofali la saruji utashika plagi na skrubu. Ukuta wa tofali la udongo lililopigwa plasta unamomonyoka kila ukichezea tobo. Mpangaji aombe ruhusa kwanza.

Ya mwisho: chipubodi na MDF za dukani

Hii nilinunua, na iliniuma. Ilikuja kwenye boksi, nyeupe, ina kingo zilizonyooka kuliko kazi ya fundi yeyote niliyemjua. Tatizo ni deki. Sisi tunapiga deki kila siku, na maji yanagusa mguu wa kila kitu. Chipubodi ni vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, na MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa vivyo hivyo. Maji yakipata upenyo kwenye ukingo yanavimbisha kutoka ndani, na uvimbe ule haurudi. Ndani ya mwaka, sehemu ya chini ilikuwa imefura kama mkate kwenye chai, ule utepe mweupe wa pembeni umebanduka, skrubu zinazunguka bila kushika. Kama bajeti yako ya sasa ni hii tu, ipandishe juu ya vipande vya vigae au miguu ya plastiki, rafu ndefu ziwekee nguzo katikati, na usiihamishe ikiwa na mzigo.

Shelfu yoyote uliyochagua, iache sentimita 2 au 3 kutoka ukutani ili hewa ipite, hasa ukuta wa nje ambao masika huulowesha. Isikae mbele ya dirisha la magharibi. Jua hufuta rangi za migongo ya vitabu. Juu kabisa ifungwe ukutani kwa kipande cha chuma cha pembe. Mtoto wa miaka mitatu akiona rafu anaona ngazi, na hapo sina mjadala na mtu.

Mapambo, kwa kiasi

Anza na mgongo. Ile plaiwudi ya nyuma ukiipaka rangi ya udongo mwekundu au kijani cha majani ya mgomba, vitabu vyenyewe vinakuwa mapambo. Vizito na virefu vikae chini. Vya watoto vikae usawa wa magoti yao, viwili vitatu vikigeuzwa majalada mbele. Kwangu tangu nifanye hivyo mdogo huvichukua mwenyewe, haombi. Kila rafu ibaki na upenyo wa kiganja kwa vitabu vijavyo.

Vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika kila mahali, nawaheshimu mama zetu waliovifuma, lakini kwenye shelfu ya vitabu vinaning’inia mbele na kushika vumbi letu la Julai. Kimoja kiwekwe kwenye fremu, kitundikwe ukutani. Kitaonekana vizuri zaidi. Maua ya plastiki yaache.

Ukinunua kitu kimoja tu, nunua kinyago cha mpingo kizito cha kushikilia vitabu visianguke. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukitupwa majini unazama. Kwenye masoko ya vinyago Arusha utakutana na mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu: pima kwa mkono, geuza utazame chini ambako mpakaji huwa na haraka, sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kibuyu cha zamani kinakaa vizuri rafu ya juu. Kikapu chenye mfuniko kinaficha chaja na rimoti.

Na kitu cha kijani: isale. Mama mkwe wangu alinikatia tawi Kibosho, kutoka kwenye mpaka wa kihamba, akaniambia nyumba ya Mchaga isikose mmea wa kuombea msamaha. Linavumilia kivuli cha sebule kuliko ua lolote la kununua. Liko kwenye kopo la udongo, rafu ya pili kutoka juu, pembeni ambako hakuna kitabu chini yake. Kila Jumamosi nalitoa nje, nalimwagilia, nasubiri mpaka maji yaishe kuchuruzika, nafuta kitako cha kopo, ndipo nalirudisha.