Palermo: gelato ndani ya mkate, tena asubuhi

Niseme mapema kabisa: ukifika Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia huko Italia, achana na koni. Koni utaila popote. Wasisilia wenyewe hutia gelato (aiskrimu ya Kitaliano) ndani ya brioche, mkate mtamu wa mayai wenye kichwa kidogo juu. Kichwa hicho hung'olewa kwanza, kikachovywa kwenye gelato, ndipo unashambulia mkate wenyewe. Na wanaula saa za chai ya asubuhi, watu wazima na mikoba yao ya kazini, bila kuona haya.

Wifi yangu anaishi Napoli, na meli ya usiku kutoka kule inakuteremsha Palermo asubuhi mapema. Saa hizo zilizo wazi ni baa (usishtuke, baa ya Italia ni mahali pa kahawa kwanza). Tukaagiza granita ya forosadi nyeusi na brioche. Granita haina maziwa. Ni tunda, maji na sukari, vinakorogwa huku vikiganda mpaka viwe chengachenga laini. Forosadi zilikuwa na ukali kidogo mwishoni, ule unaokufanya urudishe kijiko haraka. Tulitoka midomo ya zambarau kama watoto waliokutwa juu ya mti wa jirani.

Sasa neno kwa Waislamu wenzangu. Brioche ya Sisilia kwa asili yake hutiwa mafuta ya nguruwe, wanayaita strutto. Siku hizi wengi wanatumia siagi, lakini si wote. Uliza "C'è strutto?" (yaani, kuna strutto?) kabla hujatoa pesa. Baa ya kwanza tuliyoingia mzee alijibu ndiyo, bila kuzunguka, tukamshukuru tukavuka barabara. Cannoli (maganda ya unga yaliyokaangwa na kujazwa jibini tamu) nazo ni hivyo hivyo: ganda lake kwa kawaida lina strutto na mvinyo wa Marsala. Na kwenye gelato, ladha ya malaga ni zabibu zilizolowekwa kwenye ramu au mvinyo, na ile ya zuppa inglese nayo ina pombe. Ladha za matunda na karanga kwa kawaida hazina shida, ila kuuliza si ujinga.

Soko la Ballarò tulilipita polepole, kelele za wauzaji na vichwa vya samaki upanga vimesimamishwa juu ya barafu. Kwenye kanisa kuu nilikaa zaidi. Ukumbi wa mlango wa kusini una nguzo iliyochongwa aya ya Qur'ani, Al-A'raf 54. Waarabu waliuchukua mji mwaka 831, Wanormani wakauteka 1072, na nguzo ile bado ipo kanisani. Watalii wengi wanaipita wakitazama dari.

Hatua chache kutoka hapo, Via Vittorio Emanuele, lipo duka la gelato la Cappadonia. Nilichukua ladha ya pistachio, kokwa za kijani, maana hiyo ndiyo mtihani wa fundi. Pistachio ya kweli ina rangi iliyofifia, kijani kinachoelekea kahawia, na ya hapa ilikuwa hivyo: nzito, chumvi kidogo kwa mbali, ladha inabaki kinywani hata baada ya maji. Pistachio bora za Sisilia hutoka Bronte, chini ya mlima Etna, na huvunwa mwaka mmoja kwa kuruka mwingine, kwa hiyo usitegemee bei ya chini.

Linganisha na duka moja la pembeni mwa Quattro Canti, njia panda maarufu ya mji, ambalo silitaji. Gelato imerundikwa milima, pistachio kijani cha kung'aa, nyingine bluu ya sabuni. Wifi akaniambia, "Wifi, twende." Mimi nikang'ang'ania. Kikombe kidogo euro 6, ndani hewa tupu na sukari. Gelato nzuri hailundikwi. Hukaa chini kwenye chombo chake, mara nyingi imefunikwa na kifuniko cha chuma, huioni mpaka wakufunulie.

Ya kukumbuka kuliko zote niliipata mtaa wa Kalsa jioni: asumini na mdalasini. Wanaiita scursunera. Maua huachwa yakalowa kwenye maji baridi, maji yale ndiyo yanayogandishwa. Mimi mtu wa pwani, asumini nimezoea kuivaa kichwani na kuitia kwenye kikuba, sijawahi kuila. Kijiko cha kwanza nilihisi kama nakula harusi ya mtu. Cha pili nikaelewa: mdalasini unaishusha harufu, inakuwa chakula. Ni ya kiangazi tu, maua yakiisha nayo imeisha. Kwenye brioche usiitie, mkate unaizima, chukua kikombe.

Tuliilia Piazza Marina, chini ya ule mtini mkubwa wenye mizizi inayoning'inia, viti ni vya bure na kivuli kipo. Kwa brioche yenye ladha mbili tulilipa kama euro 4, na ukiila hutahitaji chakula cha mchana.

Wifi bado anashikilia kwamba granita ya limau inaishinda asumini. Mwacheni.