Leopold II juu ya farasi: Brussels na Kinshasa

Sanamu mbili za Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi, akiwa juu ya farasi, zote zikitokana na kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, zimepata hatima tofauti kabisa. Ya Brussels ilizinduliwa mwaka 1926 katika uwanja wa Place du Trône, karibu na kasri la kifalme, na ingali papo hapo. Maandishi yake yanatamka kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo, vikatolewa bure na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, kana kwamba mali ile ilikuwa ya kampuni kuigawa. Mwezi Juni 2020 waandamanaji waliipanda wakiwa na bendera ya Kongo.

Ya Kinshasa, iliyosimamishwa mwaka 1928 mji ulipokuwa ukiitwa Léopoldville, iliondolewa mwaka 1967 chini ya Rais Mobutu. Mwaka 2005 waziri wa utamaduni aliirudisha barabarani akisema historia isisahaulike, lakini ikateremshwa baada ya saa chache tu. Sasa iko katika bustani ya makumbusho ya Mont Ngaliema.

Kwa maoni yangu, njia ya Kinshasa ina busara zaidi, kwani anayeifuata sanamu Ngaliema huenda kwa hiari kuitazama historia, ilhali ile ya Brussels humkabili kila mpita njia, akiwemo mjukuu wa Mkongo aliyelazimishwa kugema mpira enzi za Leopold, ikiwa juu ya msingi uliojengwa ili mfalme huyo atukuzwe.