Mita saba za wino bila neno: The Great War ya Joe Sacco

Joe Sacco alizaliwa Malta mwaka 1960, akasomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, kisha akachagua kuziripoti habari zake kwa kuzichora. Aliyesoma Palestine, kitabu kilichotokana na safari yake ya mwaka 1991 na 1992, au Footnotes in Gaza cha mwaka 2009, anaijua kazi yake: huketi na watu, huwahoji, huacha shahidi mmoja ampinge mwenzake, na maneno yao huyarundika mpaka nyuso zikakosa nafasi. Mwenyewe pia hujichora, na macho yake hayaonekani kamwe nyuma ya miwani.

The Great War, kilichotoka mwaka 2013, hakina mahojiano, hakina maneno, wala mwenye miwani hayumo. Ni mchoro mmoja wa wino, wenye urefu wa zaidi ya mita 7, uliokunjwa mkunjo juu ya mkunjo na kutiwa ndani ya kasha. Unasimulia tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo jeshi la Uingereza lilipoteza zaidi ya watu 19,000 waliouawa.

Meza yangu haikutosha. Nilisogeza viti, nikautandaza sakafuni, nikautazama kwa kutambaa kuanzia kushoto, ambako Jenerali Haig, kamanda wa jeshi la Uingereza huko Ufaransa, anafanya matembezi yake kwa utulivu kana kwamba hakuna la haraka, nikapita farasi, mizinga na shehena za makombora hadi kwenye mahandaki yaliyojaa vijana wanaosubiri saa moja na nusu ya asubuhi. Baada ya hapo ardhi inapasuka. Askari hao ni wadogo mno, na hakuna aliyepewa nafasi ya kuwa shujaa. Unaweza kumchagua mmoja kwa jicho, lakini ukisogea kidogo umempoteza.

Nilianza kwa kuulalamikia ukimya huu, kwa sababu sauti za watu ndizo zilizomjengea Sacco jina. Hata hivyo, kufikia mwaka 2013 hapakuwa na askari wa Somme aliyebaki hai wa kuhojiwa, na mwandishi aliyezoea kumnukuu shahidi aliyeketi mbele yake amefanya vyema kutowawekea marehemu maneno ya kubuni.

Kasoro zipo. Mchoro unasimama upande wa Waingereza tu, hivyo Mjerumani ni moto unaotoka mbali. Maelezo ya Sacco, pamoja na insha ya mwandishi wa historia Adam Hochschild, yamewekwa katika kijitabu cha pembeni, na kazi ya kuhamisha macho huku na huku inachosha; nakushauri utazame kwanza, usome baadaye. Karatasi nayo inataka mikono mikavu na nyumba isiyo na watoto wadogo.

Kulia kabisa, mwishoni, watu wanazika. Nilipofika hapo ilinibidi nirudi kinyumenyume kwa magoti, nikiukunja kidogo kidogo, na hivyo nikawapita tena wale vijana mahandakini, wote wakiwa wazima.