Kapita wetu alikuwa na mabwana wawili

Naandika haya nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kama uko Lubumbashi na kundi lako linataka kuwekewa roboti, ile programu inayojibu watu yenyewe ndani ya Telegram, soma kwanza kabla hujatoa hata dola moja.

Sisi ni kundi la kununua bunga, unga wa mahindi, pamoja. Tuko watu 47, wengi mama wa Katuba na wa Kenya, wachache wa Ruashi, yote mitaa ya hapa Lubumbashi. Kila mwezi tunakusanya pesa, mmoja wetu anashuka Kasumbalesa mpakani, kamio (lori) inaleta mifuko ya kilo 25 kutoka upande wa Zambia, tunagawana. Karani ni mimi. Zamani oda zilikuwa zinaandikwa ovyo ndani ya kundi letu la Telegram: huyu "mimi miwili", yule "niwekee kama mwezi uliopita", katikati salamu na picha za ubatizo, halafu usiku wa manane mtu anabadilisha oda yake. Nilikuwa nakesha na daftari magotini, natafuta nani alisema nini.

Fundi mmoja mwenye ofisi mjini, sitamtaja, ndiye aliyetuwekea roboti. Tukamwita Kapita, kwa sababu kapita ndiye anayeita majina ya wafanyakazi asubuhi. Unaandika /bunga 2, Kapita anakujibu "Nimeandika, mifuko 2". Unaandika /orodha, anakutolea majina yote na jumla chini. Mwezi ule wa kwanza nililala usingizi, nasema kweli. Kuna mama mzee kati yetu alikuwa anamwandikia "asante baba" kila akijibiwa.

Kitu kingine nilichopenda: Kapita hakuwa anasikia mazungumzo yetu. Telegram imepanga hivyo tangu mwanzo, roboti ndani ya kundi anapata tu amri zinazoanza na ule mstari wa mshazari, na majibu anayojibiwa yeye mwenyewe. Fundi alitaka kumfanya msimamizi wa kundi, eti ndiyo kawaida. Roboti akiwa msimamizi anaona kila ujumbe. Nikakataa. Magomvi ya mama 47, na mambo ya waume zao, hayaendi kwenye mashini ya mtu.

Kama ningeandika wakati ule, fundi angepata nyota tano bila swali.

Shida ilianza tulipotaka kumwongezea kazi. Nilitaka amri ya /lipa: mtu akileta pesa, mimi naandika, yeye anapata risiti yake pembeni, kwa ujumbe wa siri, si mbele ya kundi zima. Fundi akataja bei inayokaribia ile ya kumtengeneza Kapita mzima. Nikamwambia basi, nipe programu na ufunguo wake, mtoto wa dada yangu anasoma informatiki, ataongeza mwenyewe. Akanitumia. Ufunguo wenyewe, ile tokeni, ni namba ndefu, nukta mbili, halafu msururu wa herufi. Nikamuuliza: na programu iliyo kwako umezima? "Nimezima, mama."

Mtoto alimaliza /lipa kwa alasiri moja. Kumbe ukishakuwa na roboti iliyoandikwa vizuri kwa Python, lugha ya kuandikia programu, amri mpya ni mistari michache inayosimama peke yake, huhitaji kugusa zile za zamani. Akamweka Kapita kwenye kompyuta yetu kuukuu hapa nyumbani. Mimi nilikuwa na hofu ya umeme, mnajua wenyewe unavyokatika katika mitaa yetu. Lakini akanieleza, na nimeona kwa macho yangu: ujumbe ambao roboti hajauchukua, Telegram inautunza hadi saa 24. Umeme ukikatika jioni na kurudi alfajiri, Kapita anaamka anasoma vyote, hakuna oda inayopotea. Ila roboti haruhusiwi kumwaga zaidi ya ujumbe 20 hivi kwa dakika ndani ya kundi moja, kwa hiyo mtoto akamfundisha akiamka akusanye majibu yote katika ujumbe mmoja. Nilimpikia bukari na samaki siku ile, na alistahili.

Sasa ikafika wiki ya oda. Kapita akaanza kusema kama mgonjwa wa malaria. Huyu anajibiwa kwa maneno mapya tuliyoandika, yule anajibiwa kwa maneno ya zamani. Mimi natuma /lipa, naambiwa amri hiyo haijulikani. Natuma tena, inajulikana. Nikampigia fundi. "Mama, ni rezo." Yaani mtandao. Nikaamini. Rezo yetu tunaijua, nani asingeamini?

Kamio ilifika na mifuko 61. Ilipaswa kuwa 94.

Hapa ndipo siwezi kutulia. Kuna mama mmoja alikuja kutoka Ruashi, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na alikuwa ameshakodi kijana wa mkokoteni. Naangalia kwenye orodha, jina lake halipo. Akatoa simu, kioo chake kimepasuka pembeni, akanionyesha kwa kidole: "Nimeandika, mifuko 3." Ni Kapita, na saa iko pale. Akaniambia polepole, bila kupaza sauti: "Dada, mashini yako ilinijibu." Sikuwa na neno. Watu 14 walikuwa na simu zinazosema vilevile. Nilimpa mfuko mmoja wa kwangu, wawili wakatoka kwa wenzetu, lakini kwa wale wengine 13 hapakuwa na cha kutoa, na wakati ule mavuno yalikuwa bado na bei sokoni inapanda kila wiki.

Usiku mtoto akafungua yale maandishi ambayo programu inaacha nyuma kila inapofanya kazi. Kosa moja limejaa ukurasa mzima: 409, 409, 409. Maana yake kuna programu nyingine mahali fulani inachukua ujumbe kwa ufunguo uleule. Zinanyang'anyana. Hii ikiomba ujumbe, ile inakatwa. Ile ikirudi kuomba, hii inakatwa. Na kila ujumbe unachukuliwa na mmoja tu. Kwa hiyo oda zetu zilikuwa zinaingia kwenye madaftari mawili: moja hapa kwangu, moja kwa fundi mjini. Wote wawili wanajibu kwa jina la Kapita, wote wanasema "Nimeandika". Hakuna aliyedanganya watu, na mifuko 33 imepotea.

Kesho yake nikapanda teksi hadi ofisini kwake. Nikamweleza taratibu, nikamwonyesha ile 409 kwenye simu. Hakuinua macho. Alikuwa anaandikiana na mtu, kidole kinakwenda, anatabasamu na mambo yake. Halafu akasema: "Mama, roboti si sufuria."

Nimetunza pesa za watu miaka mingi. Sijawahi kukosa hata faranga mia. Kijana ambaye naweza kuwa nimemzaa ananiambia mambo ya sufuria, mbele ya wateja wawili, kwa kosa ambalo ni la kwake.

Nikamwomba angalau abadilishe ufunguo, ule wa zamani ufe. Hapo ndipo nikajua jambo ambalo wote muulize siku ya kwanza: Kapita alikuwa ameandikishwa kwa namba ya simu ya fundi. Roboti za Telegram zinazaliwa kwa BotFather, roboti ya Telegram yenyewe inayoandikisha nyingine, na aliyeongea na BotFather ndiye mwenyewe. Yeye peke yake anaweza kubadilisha ufunguo. Kuna hata njia ya kumhamishia mtu mwingine umiliki, ipo palepale kwenye mipangilio. Nikamwambia nihamishie. "Nitaona." Tulilipa sisi, tukampa jina sisi, na mbele ya Telegram hatukuwa na kitu.

Tukaandikisha Kapita mpya kwa namba yangu. Dakika chache tu: unataja jina, unachagua jina la mtumiaji linaloishia na bot, unapewa ufunguo, basi. Wa zamani tukamtoa kwenye kundi. Kilichonichosha ni risiti. Roboti hawezi kumwanza mtu kwa ujumbe wa siri mpaka mtu mwenyewe ambonyeze kwanza, na mama zetu wengi walikuwa wamembonyeza yule wa zamani. Nimezunguka siku tatu, nyumba kwa nyumba, nashika simu ya mtu: mama, bonyeza hapa. Wengine walikuwa na woga wa kubonyeza tena, na siwalaumu.

Sasa, haki ni haki. Mtoto wa dada yangu anasema inawezekana fundi alizima kweli. Programu za namna hii, ukiwa fundi mzuri, unazipanga ziamke zenyewe umeme ukirudi, na kwa umeme wetu huo ndio utaratibu unaofaa. Alizima, umeme ukakatika, ukarudi, programu ikaamka yenyewe. Inaingia akilini. Na ile /bunga tunayotumia hadi leo ni mistari yake, safi, haijawahi kutukosea hesabu. Nilikuwa nimeandika nyota tatu hapa.

Nimezifuta. Kusahau ningesamehe siku ileile. Lakini nilimpigia wiki ya oda, mifuko ilikuwa bado haijanunuliwa, kungekuwa na muda wa kutengeneza. Angefungua kompyuta yake dakika mbili angeona. Akasema rezo. Nikaenda mwenyewe na ushahidi mkononi, akasema sufuria. Nyota moja, na hiyo ni ya /bunga.

Roboti wenyewe muwachukue, sina ugomvi nao, Kapita mpya anafanya kazi vizuri sana. Muandikishe kwa simu ya karani wenu, fundi akiwa amekaa pembeni.

Na bado sijamaliza naye. Oda za wale watu 14 zimebaki ndani ya mashini yake, majina yao na mifuko yao. Ijumaa narudi pale ofisini. Nataka afungue ile faili mbele yangu, nisome majina moja baada ya lingine, halafu aifute nikiwa nimesimama.